Karatasi, hadi diski (hard disk) au mtandaoni? Kumbukumbu za biashara ya Dar zikae wapi

Kila biashara ina mahali pa kuweka kumbukumbu, hata ile ambayo mwenyewe atakuambia haina. Kwa mmoja ni droo ya chini ya kaunta, kwa mwingine ni simu ya mkewe yenye picha za risiti, kwa mwingine ni kompyuta ya mhasibu anayekuja Jumamosi. Mambo yanakwenda vizuri mpaka mtu aulize. Na waulizaji hawakosi: ofisa wa TRA anayetaka manunuzi ya miaka minne nyuma, benki inayotaka hesabu za miaka mitatu kabla ya kutoa mkopo, mfanyakazi aliyeondoka ambaye sasa anadai likizo zake CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, mwenye nyumba anayeapa kwamba mkataba haukusema hivyo.

Kwa hiyo hapa silinganishi nani ana nafasi kubwa au kasi zaidi. Kipimo changu ni kimoja: miaka saba kuanzia leo, mtu ambaye si wewe akiambiwa alete ankara fulani, ataipata? Karibu kila njia inafaulu mwaka wa kwanza. Kuanzia wa nne ndipo zinapoanza kuchujana.

Muda ndio unaoamua

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka za kodi zitunzwe angalau miaka 5. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni kwamba dai la mkataba, kwa Sheria ya Ukomo, linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6, na dai la kurejesha ardhi ndani ya miaka 12. Maelezo ya ajira nayo yanatakiwa kukaa miaka 5 baada ya ajira kuisha, si baada ya kuanza. Aliyekufanyia kazi miaka 10, faili lake linaishi miaka 15.

Ndiyo maana mimi huwaambia watu washike miaka 7 kwa mambo ya kawaida, na zaidi ya 12 kwa chochote kinachogusa kiwanja au jengo. Vingine havitupwi kamwe: cheti cha usajili wa kampuni, katiba yake, hati ya kiwanja, mihtasari ya vikao vya wakurugenzi, hesabu zilizokaguliwa. Na kama kuna ukaguzi au kesi inaendelea, hakuna kutupa kitu mpaka iishe, hata kama miaka imeshapita.

Wapo pia wanaodhani usalama ni kutunza kila kitu milele. Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haipendi taarifa za watu zikae kuliko zinavyohitajika. Lile bunda la nakala za vitambulisho vya NIDA vya wateja wa mwaka 2016 ambao hujawaona tena halikulindi na chochote. Siku likiibwa, wa kujieleza ni wewe.

Kwa anayetaka kuona kwa haraka kabla ya kuingia ndani:

| Njia | Inachokudai | Inapofia | Mtu mwingine ataipata? |
|---|---|---|---|
| Karatasi kwenye maboksi | Nafasi, na kodi ya hiyo nafasi | Maji, moto, mchwa, wino kufutika | Ndiyo, kama boksi limeandikwa |
| Hadi diski ya nje | Fedha mara moja kila miaka 4 au 5 | Kudondoka, kuibwa, kufa bila taarifa | Ndiyo, akijua ilipo na nywila yake |
| Mtandaoni kwa kulipia | Malipo ya kila mwezi na bando | Kadi kugoma, akaunti ya aliyeondoka | Ndiyo, kama akaunti ni ya kampuni |
| Mashine ya kuhifadhia ya ofisini | Fedha nyingi mwanzoni, na fundi | Umeme, wizi, moto | Fundi akiwepo |
| Ndani ya programu ya uhasibu | Leseni | Programu kubadilika au kufutwa | Mara chache |

Karatasi haijafa

Karatasi inadharauliwa bure. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa pale Upanga bado yanasomeka, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Hakuna hadi diski iliyowahi kukaribia umri huo. Karatasi haihitaji umeme, nywila wala programu, na hakuna hakimu anayehitaji kuelezwa ni kitu gani.

Ila mafaili yale yana watu ambao kazi yao ni kuyatunza. Ya kwako yako stoo, chini ya katoni za bidhaa, jirani na bomba la choo. Unyevu wa pwani unafanya kazi yake polepole. Fungua faili la miaka sita lililokaa stoo ya Dar uangalie kona ya juu kushoto: pini ya stepla imeshika kutu, imeacha doa la kahawia na tundu, na karatasi tatu zimegandana hapo. Nyaraka za kukaa muda mrefu zibane kwa klipu za plastiki au uzi wa faili, si pini. Boksi lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta, maana mchwa hupitia huko huko. Liweke juu ya paleti au rafu ya chuma na uache upana wa kiganja nyuma yake. Na kama stoo yako iko upande wa Jangwani, Kigogo au bonde lolote la Msimbazi, rafu ya chini kabisa iache tupu. Masika hayajali.

Tatizo kubwa zaidi la karatasi, hata hivyo, ni risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi. Karatasi yake haina wino. Ina dawa inayobadilika rangi ikipata joto, na dawa hiyo hiyo ndiyo inayofifia ikikutana na joto, mwanga, mafuta ya mikono au plastiki laini. Watu wengi, kwa nia njema kabisa, hubandika risiti kwenye karatasi ya A4 kwa selotepu kisha huzitia ndani ya mfuko wa plastiki. Nimefungua mafaili ya namna hiyo. Chini ya selotepu hakuna kitu, ni ukanda mweupe, na mara nyingi ukanda huo umepita juu ya jumla na VAT. Risiti zilizosalia ni zile zilizokuwa zimetupwa ovyo kwenye bahasha ya kaki! Ukitaka risiti ya manunuzi ikusaidie miaka mitano ijayo, itoe fotokopi au ipige picha wiki ile ile uliyoipata, kisha asili yake iweke kwenye bahasha ya karatasi. Kodi uliyolipa kwenye manunuzi unaidai kwa ushahidi, na ukanda mweupe hauthibitishi chochote.

Kuhusu gharama, karatasi inaonekana ya bure mpaka uhesabu kodi ya mahali ilipokaa. Kwenye fremu ya Kariakoo, ambako kila hatua ya sakafu ingeweza kuwa na bidhaa inayouzwa, maboksi kumi ya makaratasi ni mpangaji asiyelipa. Ndiyo sababu wengi huyahamishia nyumbani, kwenye chumba cha watoto au gereji, na hapo hakuna anayejua tena nini kiko wapi.

Kwa maoni yangu, baki na karatasi kwa vile vitu vichache ambavyo asili yake ina uzito wa kipekee: hati ya kiwanja, mikataba iliyosainiwa na kulipiwa ushuru wa stempu, vyeti, hati za dhamana, wosia wa biashara ya familia kama upo. Hivyo vikae kwenye kabati la chuma linalofungwa, au kwa wakili wako. Vingine vyote karatasi iwe njia ya kupitia tu, kabla ya kuskaniwa.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu

Muuzaji wa duka la kompyuta atakuambia huwezi kupona bila terabaiti 4. Hebu tuhesabu. Biashara inayotoa na kupokea karatasi 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ina kurasa 12,000. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa dpi 300, rangi ya kijivu, ukabanwa vizuri kwenye PDF, unachukua takriban KB 300. Mwaka mzima ni GB 3.6. Miaka kumi ni GB 36. Hiyo ni nafasi ambayo flashi ya kawaida inaimeza na kubakisha.

Kwa wengi wetu, basi, ukubwa wa nafasi si hoja. Fedha ambayo ungeiweka kwenye terabaiti iweke kwenye skana yenye kulisha karatasi yenyewe, au mlipe kijana wa stesheneri akae nayo wiki mbili. Simu nayo inatosha kwa risiti, mradi utumie programu ya kuskani inayonyoosha ukurasa na kutoa PDF, si kamera ya kawaida inayoacha kivuli cha kichwa chako juu ya tarakimu.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua aina ya faili, chagua PDF/A. Ni PDF iliyowekewa kanuni za kimataifa, ISO 19005, tangu 2005, kwa ajili ya kutunza muda mrefu: aina za maandishi zinafungwa ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo kompyuta ya 2035 haitahitaji kukisia.

Hadi diski na flashi

Uzuri wa hadi diski ya nje ni kwamba unalipa mara moja na kitu ni chako. Bando likiisha ipo. Umeme ukikatika, laptopu yenye chaji inaisoma. Kwa mfanyabiashara asiyependa mambo yake yakae kwa watu, hii ndiyo njia inayotuliza roho.

Udhaifu wake ni kwamba haifi kwa adabu. Karatasi huanza kwa kuwa ya njano. Hadi diski inaamka Jumatatu inapiga tiki, tiki, tiki na haifunguki tena. Ndani yake kuna sahani inayozunguka na kisoma kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unywele, kwa hiyo kudondoka kutoka mezani kunatosha. Umeme wetu nao, unaokatika na kurudi kwa kishindo, haujawahi kuwa rafiki wa vifaa. Zile za kisasa zisizo na sahani, SSD, zinavumilia kudondoka, lakini hazifai kufungiwa kabatini miaka mitano bila kuchomekwa, kwa sababu zinashika data kwa chaji ya umeme na chaji huvuja. Flashi ni vivyo hivyo na mbaya zaidi. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia.

Ukinunua Kariakoo au popote pengine, jihadhari na flashi na diski zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi zimedanganywa ndani: kompyuta inaonyeshwa ukubwa ule, lakini baada ya gigabaiti chache za kwanza kila unachoandika kinafuta cha zamani. Majina ya mafaili utayaona yote. Kuyafungua ndiyo shida. Programu ya bure ya H2testw hujaza diski nzima kisha kuisoma upya, na inaumbua uongo huo usiku mmoja. Fanya hivyo kabla hujaweka kumbukumbu hata moja, ukiwa bado na risiti mkononi.

Diski moja si akiba. Ziwe mbili, zisiwe za toleo moja na zisinunuliwe siku moja, na moja ilale nje ya jengo. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na Novemba 16, 2024 jengo likaporomoka Kariakoo hiyo hiyo. Mwenye kompyuta juu na diski ya akiba kwenye droo ya chini alikuwa na nakala moja tu, hata kama ni vifaa viwili. Wapiga picha, na hasa Peter Krogh, walilifupisha jambo hili kwa namba 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mbali. Sijaona kanuni fupi inayoishinda.

Diski ikimaliza kunakili, ichomoe. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vinafunga kila kilichochomekwa wakati huo, pamoja na bakapu, yaani nakala yako ya akiba. Na ifunge kwa nywila, kwa kuwa mwizi wa begi kwenye daladala hajali kama ndani kuna mishahara ya watu 30. Nywila hiyo ijulikane na watu wawili na iandikwe kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa. Nasisitiza karatasi. Diski iliyofungwa ambayo nywila yake amekufa nayo mtu mmoja haina tofauti na tofali.

Mtandaoni

Hapa ndipo pana ubishi mwingi, na kwa sehemu kubwa watu wanabishania jambo lisilo lenyewe. Wanauliza kama Google au Microsoft itapoteza mafaili yao. Kampuni hizo zinanakili data sehemu kadhaa, na kwa upande wa vifaa kufa ziko mbali sana mbele ya kabati lako. Swali la kuuliza ni hili: akaunti ni ya nani?

Kwenye biashara nyingi ndogo za Dar, akaunti ni ya Gmail ya mhasibu, aliyoifungua mwaka aliomaliza chuo, na namba ya kuthibitishia ni laini yake. Siku akipata kazi kwingine, kumbukumbu za kampuni zinaondoka naye bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Au laini inapotea, inasajiliwa upya kwa mwingine, na akaunti inabaki kutuma namba za siri kwa mtu wa Mbeya asiyejua chochote. Google nayo, tangu Desemba 2023, hufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka 2. Yaani ile akaunti uliyoifungua makusudi kwa ajili ya kuhifadhia vitu vya zamani, ukaiacha itulie, ndiyo inayofutwa kwa sababu imetulia.

Kwa hiyo gigabaiti 15 za bure, ambazo unagawana na barua pepe na picha zako, mimi siziweki kwenye mashindano kabisa. Ulinganisho wa haki ni wa huduma ya kulipia, kwenye anwani ya kampuni yenyewe, wasimamizi wakiwa wawili, na mmoja wao awe mwenye biashara. Hapo mtandaoni inaanza kushinda: inafunguka ukiwa Mwanza, inatunza matoleo ya nyuma ya faili, na tajiri anaweza kumfungulia mkaguzi folda moja tu bila kumpa mengine.

Vikwazo vyake ni vya kwetu hapa. Malipo yanakatwa kwa kadi, mara nyingi kwa dola. Kadi ikiisha muda wake na hakuna anayesoma barua pepe za bili, huduma inasimamishwa. Weka kumbukumbu ya tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani. Intaneti nayo si ya kuitegemea peke yake. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi ikabaki na intaneti ya kuvuta kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na kila kitu huko juu na hana nakala chini alisubiri tu. Na kupandisha GB 36 za miaka kumi kwa bando la simu ni adhabu. Tafuta mahali penye faiba usiku mmoja, kisha ya kila siku yaende kidogo kidogo.

Kuna kuchanganya kunakowagharimu watu. Folda inayojinakili yenyewe kati ya kompyuta na mtandao si bakapu. Ukifuta hapa, inafuta na kule. Google Drive inakuwekea ulichofuta kwenye kapu kwa siku 30, halafu basi. Na mfanyakazi aliyefuta folda ya 2019 kwa kupunguza nafasi hatagundulika ndani ya siku 30, atagundulika siku ya ukaguzi.

Mwisho, mahali data ilipo kijiografia. Kama unashika taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wateja wa mikopo, kuzipeleka seva ya nje ya nchi kuna masharti yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuna kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa nyaraka za kodi pia, muulize mshauri wako wa kodi suala la seva kuwa nchini kabla hujahamisha kila kitu. Wanaolazimika kubaki ndani wana pa kwenda: Kituo cha Taifa cha Data kipo Kijitonyama, na wapo watoa huduma binafsi wenye seva hapa hapa.

Vifaa vya wakubwa, kwa ufupi

Mashine ya kuhifadhia ya ofisini, zile za Synology au QNAP zenye diski mbili au nne ndani, inafaa ofisi yenye watu kumi na zaidi wanaoshirikiana mafaili makubwa: wasanifu majengo, studio, wapima ardhi. Diski moja ikifa nyingine inaendelea. Lakini zote ziko ndani ya sanduku moja, na sanduku linabebeka. Bado utahitaji nakala ya nje, kwa hiyo usiinunue kama jibu kamili, na usiinunue kabisa kama huna fundi anayepokea simu.

Kanda za LTO, zile za sumaku za kuhifadhia data, ni za benki, vituo vya televisheni na kampuni za simu. Kanda moja ya LTO-9 inabeba TB 18 na ikitunzwa vizuri inategemewa kwa miaka 30, ila mashine ya kuisomea inagharimu maelfu ya dola. Huduma za kuhifadhi kwa bei ya chini kabisa, kama Glacier Deep Archive ya Amazon, ni nafuu mno kuweka lakini kutoa kunaweza kuchukua saa 12 na kunatozwa. Kwa GB 36? Pita.

Mtego wa programu ya uhasibu

"Zote zipo kwenye Tally." Nimeshasikia jibu hilo mara nyingi, na wengine husema QuickBooks. Ndiyo, zipo, leo. Programu hizi hutunza data kwa namna yake, na bila programu yenyewe, ya toleo linalopatana, unabaki na folda ya mafaili yasiyosomeka. Intuit, wenye QuickBooks, waliacha kuuza matoleo yake ya kwenye kompyuta ya Pro na Premier kwa wateja wapya wa Marekani baada ya Septemba 30, 2024. Aliyefungia vitabu vyake humo anapaswa kujiuliza ataifungulia nini data ya 2022 ikifika 2029.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kila ukifunga mwaka, kabla ya kitu kingine chochote, toa leja kuu, urari, daftari la wadai na wadaiwa, mali za kudumu na mishahara kama PDF. Kisha toa leja ile ile kama CSV, ambayo ni maandishi matupu yanayofunguka kwenye Excel au chochote kitakachokuja baada yake. Tunza na bakapu ya programu yenyewe, lakini usiihesabu kama nakala ya pili. Fanya vivyo hivyo ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine. Wahamishaji hubeba salio la kuanzia na kuacha historia nyuma.

Jambo jingine la jirani ni WhatsApp. Oda zinakuja huko, bei zinakubaliwa huko, picha ya muamala wa Lipa Namba inatumwa huko. Halafu simu inaanguka kwenye maji ya Coco Beach. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, lakini uzito wake unatazamwa kwa jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa bila kuchezewa, na picha ya skrini iliyokatwa pembeni haisimami imara. Oda kubwa igeuze ankara siku ile ile. Na taarifa ya miamala ya simu iombe kila mwezi kwa mtandao wako kama PDF, uiweke pamoja na taarifa ya benki.

Ningechagua nini

Duka la jumla Kariakoo, mtu na wasaidizi wawili: kabati dogo la chuma kwa vyeti na mikataba, hadi diski mbili za ukubwa mdogo, moja ikilala nyumbani Mbagala au Tabata, zikibadilishana kila Jumapili. Risiti zipigwe picha kila jioni wakati wa kufunga hesabu. Mtandaoni baadaye, biashara ikikua.

Wakala wa forodha, mwanasheria, mhasibu, yeyote anayeshika nyaraka za wateja: mtandaoni kwa kulipia iwe ya kwanza, kwa sababu mteja atataka TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha, ya mzigo wa miaka mitatu iliyopita akiwa kwenye simu na atataka sasa hivi. Diski moja nje ya ofisi iwe ya pili. Hapa usibane senti. Na majina ya mafaili ndiyo roho ya kazi: tarehe kwa kuanzia na mwaka, aina, jina la mteja, namba. "2021-03-14_ankara_mteja_0457" itajipanga yenyewe na kupatikana kwa kuandika herufi nne. "Scan0012 mpya final" haitapatikana na yeyote, hata na aliyeiandika.

Kliniki, shule, kampuni ya watu 30: lazima pawe na mtu mmoja ambaye hii ni kazi yake kwa maandishi, hata kama ni saa mbili kwa wiki. Bila huyo, mashine ya bei yoyote ni mapambo. Mara mbili kwa mwaka mpe mtu mwingine kabisa mtihani wa kutafuta nyaraka tatu za miaka tofauti, moja kutoka kwenye diski ya akiba, na ahakikishe zinafunguka. Diski zenyewe zibadilishwe kila miaka 4 au 5, hata kama zinaonekana nzima.

Bado kuna kutupa. Muda wa nyaraka ukifika, makaratasi yasiuzwe kwa kilo. Kila mtu hapa mjini ameshanunua karanga zilizofungwa kwenye orodha ya mishahara ya ofisi fulani, na aliyeiuza hakukusudia. Yapitishwe kwenye mashine ya kukatia karatasi. Diski ya zamani haisafishiki kwa kubonyeza futa, maana mafundi wa kurudisha data wanaishi kwa hilo. Ifunguliwe na sahani itobolewe kwa drili. Kisha andika orodha ya vilivyoharibiwa, vya mwaka gani, lini na mbele ya nani, mkurugenzi asaini. Hiyo orodha nayo iingie kwenye lile kundi la visivyotupwa kamwe.